Lile Lenye Kitambaa Haliuzwi

Kijana wa guta alifika shambani asubuhi, siku chache kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Hakuuliza habari za mbolea wala za mvua. Alipita kati ya mistari ya matikiti ameinama, anagonga hili kwa kidole, anapindua lile aone doa la chini, na kila lililomridhisha analichora chaki. Kazi yake anaijua. Alipofika mstari wa mwisho, ule ulio karibu na minazi, akasimama.

"Mzee, na hili?"

Lilikuwa kubwa kuliko yote, limelala juu ya nyasi kavu nilizolitandikia. Kikono kilicho jirani na kikonyo chake kilishakauka, na doa la chini lilishageuka njano. Juu ya kikonyo palikuwa na kipande cha kitambaa chekundu, upana wa kidole.

"Hilo haliuzwi."

Akarudi nyuma hatua moja. Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Umelifunga?"

Msomaji wa pwani ameshaelewa alikuwa anauliza nini. Kitambaa chekundu ndani ya shamba la mtu si jambo la kushikashika. Nikacheka, nikamwambia hapa hakuna kago wala fingo, wala dawa yoyote ya kukinga shamba, ile ni alama ya mbegu tu. Sidhani kama aliniamini. Wakati wa kubeba aliuruka mstari ule mzima, pamoja na yale yasiyofungwa chochote, ikabidi niyabebe mwenyewe mpaka barabarani. Tulipomaliza kuhesabiana pesa akauliza, na wala hakuuliza kwa ubaya:

"Sasa mzee, kama lililo zuri kuliko yote huliuzi, unalimia nini?"

Nilimjibu maneno mawili matatu ya kumalizia biashara, akawasha guta lake akaenda zake Tanga mjini. Swali aliliacha.

Mfungo ukaanza, ukaisha, Idi ikapita, na mimi bado nalijibu peke yangu njiani.

Chupa ya majivu

Mbegu yenyewe nilipewa na shangazi yangu wa Mwarongo. Ilikuwa ndani ya chupa ya soda, mdomo umezibwa na gunzi la muhindi, na ukiitikisa husikii kitu, kwa sababu ilijazwa majivu yaliyochekechwa mpaka juu. Aliitoa chini ya kitanda. Nilipotaka kumpa chochote akakataa. "Pesa usiniletee. Niletee tikiti."

Tikiti hilo ni refu, ganda lake la kijani kilichofifia kinachokaribia kijivu, na ukilisogeza karibu na macho unaona vijistari vyembamba kama nyuzi. Nyama yake ni ya waridi, si nyekundu ile ya kwenye mabango. Mbegu ni kubwa, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na ukingo mweusi. Ganda ni jembamba mno. Ukilichoma kisu tu, tikiti linatangulia kupasuka lenyewe kabla kisu hakijafika nusu. Utamu wake hauumizi meno, na maji yake ni mengi. Mimi nalipenda, lakini mimi si shahidi mzuri, nimelila tangu sina meno.

Shangazi anasema aliikuta mbegu hiyo kwa mama mkwe wake alipoolewa, na aliolewa kabla ya Azimio la Arusha. Mama mkwe naye, kwa habari za nyumba ile, aliipata kwa manamba mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akilima kibustani nyuma ya kambi. Manamba huyo alitoka wapi? Hapo kila mtu ana lake. Shangazi mwenyewe anakata maneno: "Alikuwa mtu wa bara, basi."

Kwa hiyo miaka yote nikiulizwa, nilikuwa nasema ni mbegu ya wazee. Inatosha, na mtu haendi kuuliza zaidi.

Picha kwenye kopo

Halafu nikaenda duka la pembejeo pale Ngamiani kununua mpira wa bomba.

Wakati muuzaji anatafuta saizi, macho yangu yakatua kwenye rafu ya mbegu. Palikuwa na kopo lenye picha ya tikiti refu, la kijivu-kijani, lenye vijistari vyembamba. Nikalichukua. Nikaligeuza. Nikaliangalia tena upande wa picha. Lilikuwa tikiti la shangazi, au ndugu yake wa tumbo moja, limepigwa picha juu ya majani, na jina lake kwa herufi kubwa: Charleston Gray.

"Unachukua, mjomba?" muuzaji akauliza. Nikalirudisha.

Charleston Gray ilitolewa mwaka 1954 na mtaalamu wa serikali ya Marekani aliyeitwa Fred Andrus, katika kituo cha utafiti wa mboga cha Charleston, jimbo la South Carolina. Aliitengeneza ihimili magonjwa mawili yaliyokuwa yakiwatesa wakulima wa kule, mnyauko fuzari na chule, na iweze kusafirishwa mbali bila kuharibika. Si chotara. Ukitunza mbegu yake vizuri inazaa mfano wake, na ndiyo sababu ilienea dunia nzima ndani ya makopo, Afrika ikiwemo.

Nikaanza hesabu. 1954, na Azimio la Arusha ni 1967. Hapo katikati kuna miaka 13. Kopo lingeweza kabisa kutoka Marekani, likapita kwa bwana shamba wa kikoloni au kwa meneja wa mkonge mwenye bustani yake, mbegu chache zikaangukia mfukoni mwa mtu wa bara asiye na jina, zikafika Mwarongo. Inawezekana pia kwamba manamba yule alikuja na mbegu ya kwao kabisa, na huo mfanano ni mfanano tu. Nyama ya Charleston Gray ni nyekundu, ya kwetu waridi. Mbegu zake ni nyeusi-nyeusi, za kwetu zimefifia. Ganda lake ni gumu, la kwetu halifiki hata sokoni salama. Au zilikuwa mbili, zikachanganyika humohumo Mwarongo kabla mimi sijazaliwa.

Sikumwambia shangazi. Ningemwambia nini? Kwamba mbegu ya mama mkwe wake huenda ina umri mdogo kuliko yeye?

Lakini jambo lenyewe likanikera usiku na mchana, na likaungana na swali la kijana wa guta. Nalimia nini? Nimejinyima bei ya tikiti bora kuliko yote, mwaka hata mwaka, kwa kulinda kitu ambacho labda kimekaa kwenye rafu Ngamiani kikisubiri mwenye pesa.

Waja leo

Kilichonipunguzia mzigo ni kutoishia kwa manamba, bali kulifuata tikiti nyuma zaidi yake.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani chimbuko la tikiti maji ni kusini mwa Afrika. Mwaka 2021 watafiti wakiwemo Susanne Renner na Guillaume Chomicki walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa tikiti letu ni tikiti la Kordofan, Sudan, lenye nyama nyeupe na lisilo chungu. Wamisri wa kale walilijua tunda hili vizuri. Mbegu za tikiti zilikutwa hata katika kaburi la Tutankhamun. Kwa hiyo hata kama mbegu ya shangazi ilipita kwa Fred Andrus, ilikuwa imetoka bara hili, ikazunguka bahari, ikakaa Marekani vizazi na vizazi, kisha ikarudi imevaa jina la mji wa watu.

Na sisi wa Tanga tunajifanya wageni wa mambo haya kwa lipi? Mkonge, uliolisha mkoa huu na kuupa jina duniani, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Vichipukizi vilianza safari vikiwa 1,000 huko Florida, na vilivyofika vikiwa hai ni 62. Kutoka 62 hivyo kikaanza kilimo cha mkonge kilichoenea kuanzia hapa mpaka Korogwe na kwingineko. Machungwa ya Muheza nayo asili yake ni Asia. Mji huu unasifika kwa msemo wa waja leo waondoka leo, lakini mimea iliyokuja haikuondoka hata mmoja.

Basi suala la ilikotoka nikaliweka pembeni. Si kwamba nimelijibu, ila nimeona halinisaidii kujibu lile la kijana.

Kwa sababu kama tikiti hili lilianza likiwa Charleston Gray, sasa si Charleston Gray tena. Mtu fulani, bila kuandika popote, amekuwa akichagua nyama ya waridi na ganda jembamba kwa zaidi ya nusu karne kwenye mchanga wa Mwarongo. Kopo la Ngamiani haliwezi kunipa hiyo. Nikinunua kopo, naanza na chaguo la Andrus.

Ua la siku moja

Niwaeleze kitambaa ni cha nini, maana tangu niandike juu yake kwenye status ya simu nimeulizwa sana.

Tikiti lina maua ya aina mbili kwenye mche mmoja, dume na jike. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba, basi. Ua jike limekaa juu ya tikiti. Ni tikiti kamili, dogo kama punje ya njugu, limefunikwa na manyoya meupe laini, na umbo lake limeshajitangaza: la mbegu ndefu ni refu tangu siku hiyo, la mbegu ya duara ni duara. Ua linafunguka asubuhi, na mchana linafunga. Halifunguki tena. Nyuki akipita katika saa hizo chache na chavua ya kutosha, tikiti litakua. Asipopita, katoto kale kanageuka njano na kudondoka.

Ukitaka mbegu safi lazima umtangulie nyuki. Jioni natafuta maua yatakayofunguka kesho. Utayajua, ncha ya petali imeanza unjano lakini bado imejikunja. Nayafunga kwa uzi laini, dume na jike, yasifunguke bila mimi. Asubuhi umande haujakauka nafungua la dume, nalichuma, nazirudisha petali nyuma mpaka chavua imebaki wazi mbele. Kisha nafungua la jike na kulipaka polepole. Ndani lina kichwa chenye sehemu tatu, na zote tatu lazima ziguswe, kwa sababu upande usiopata chavua mbegu zake hazijai, na palipokosa mbegu tikiti halinenepi. Yale matikiti yaliyopinda mliyozoea kuyaona yakiuzwa bei ya kutupa, mengi yao yalikosa chavua upande mmoja.

Nikimaliza nalifunga tena ua la jike, halafu kwenye kikonyo chake nafunga kitambaa. Nyekundu, kwa sababu ndiyo rangi inayoonekana kwenye majani. Sababu nyingine sina.

Mengi hayashiki. Jua kali likiwahi, hayashiki. Mche ukiwa umeshabeba tunda lingine mbele yake, unalikataa. Na yakishika kuna nzi wa matunda, anayetoboa tikiti changa na kutaga ndani, ukija kuligundua linanuka. Kwa hiyo yale yenye vitambaa nayavisha karatasi mpaka ganda likomae kidogo. Mke wangu huniuliza kama nayavisha na viatu.

Shangazi hakuwahi kufunga ua lolote maishani mwake.

Hilo lilinishangaza nilipolifikiria vizuri. Mbegu imekaa kwake miaka yote hiyo, haina uzi, haina kitambaa, na ikabaki yenyewe. Nilipomuuliza aliniona kama nimechanganyikiwa. "Ichanganyike na nini? Mwarongo nzima tulikuwa tunapanda hiyohiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Uzi wangu ni badala ya majirani.

Jirani

Jirani yangu upande wa barabara analima chotara. Msimu huu alipanda Sukari F1, na msimu uliopita aina nyingine. Si mtu wa kulaumiwa. Tulikaa chini ya mwembe wake akanieleza bila kuzunguka: gari la Dar es Salaam likija linataka tani, linataka yote yafanane ukubwa, yaive pamoja, na ganda livumilie kurundikwa. Mbegu ya chotara inampa hayo. Ni ghali, kila msimu ananunua upya, lakini anajua anachonunua. "Wewe ukivuna, nusu ni makubwa nusu madogo. Mimi siwezi kumpigia dalali simu na hayo."

Kweli tupu.

Wasiwasi wake ulikuwa mwingine. Mkewe alisikia kwamba matikiti yangu yenye mbegu kubwa yataambukiza ya kwao, yatoke na mbegu kubwa na utamu upungue. Habari hii imeenea sana pwani, wengine wanakataza hata tango lisipandwe karibu na tikiti. Tango na tikiti havichavushani kabisa, wala boga na tikiti. Tikiti kwa tikiti ndiyo, lakini hata hapo uchanganyaji hauonekani kwenye tunda la msimu huo. Ganda, nyama na utamu ni vya mama mtupu, kama mimba: ukimwona mjamzito hujui mtoto atafanana na nani. Chavua ya shamba lingine iko ndani ya mbegu, na itajionyesha mbegu hiyo ikipandwa.

Jirani yangu hapandi mbegu anazovuna. Kwa hiyo chavua yangu haiwezi kumfanya lolote. Chavua yake ndiyo inayoweza kunimaliza mimi.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe hasara yote iko kwako." Wanaozalisha mbegu hushauriwa kutenganisha aina mbili za tikiti kwa karibu kilomita moja. Mimi na yeye tumetenganishwa na mstari wa minanasi. Nyuki hana hati ya kiwanja.

Tulijaribu kupatana. Akasema atanijulisha siku anayosia, nami nichelewe kama mwezi, maua yasikutane. Ni makubaliano mazuri mpaka mvua iingie, kwa sababu mvua ikinyesha sote tunakimbilia shambani siku moja. Kwa hiyo vitambaa vimebaki.

Jambo moja lilinigusa katika mazungumzo yale. Nilidhani chotara ni kinyume cha ninachofanya. Lakini F1 haitoki hewani. Ni mtoto wa kwanza wa wazazi wawili tofauti, na wazazi hao lazima watunzwe safi, kizazi hadi kizazi, mbali na chavua ngeni, ili ndoa irudiwe kila msimu. Kwa hiyo mahali fulani kuna mtu anayefunga maua jioni kama mimi. Tofauti ni kwamba jirani yangu hamjui, na siku mtu huyo akiacha, jirani hana la kufanya: akipanda mbegu za F1 zitamtokea kila moja na sura yake, nyingine za mama, nyingine za baba, nyingine za babu. Shangazi siku akiniacha, nina chupa.

Mchagua nazi

Halafu kuna suala la kuchagua, na hapa bado sijatulia.

Shangazi anachagua kwa mdomo. Tikiti linakatwa, watu wanakula, na likiwa tamu anasema, "Hili temeni kwenye sinia." Basi. Lisilomfurahisha, mbegu zake zinaliwa na kuku. Hakupima uzito, hakutazama mche. Ndiyo maana ganda limekuwa jembamba hivi, nadhani. Hakuna aliyelijali, kwa sababu tikiti lilikuwa linatoka shambani kwenda ukumbini kichwani mwa mtoto.

Mimi nachagua kwa macho kabla ya mdomo, maana lazima nifunge ua kabla sijajua tunda litakuwaje. Natazama mche usionyauka wenzake wakinyauka, majani yasiyo na ubwiri, matikiti mawili matatu kwenye mche mmoja. Nafunga kwenye miche mingi, si mmoja, ili mbegu isije ikawa ya ukoo mwembamba. Baadaye ndipo ulimi unakata rufaa: lililo pooza halitunzwi, hata kama mche wake ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mchagua nazi hupata koroma, nalijua hilo, na ninapata koroma nyingi.

Lakini macho yangu yana biashara. Juzi nilijikuta nimefunga kitambaa kwenye tikiti kwa sababu moja tu, ganda lake nililibonyeza nikaona limekaza. Nikasimama. Nikifanya hivyo misimu kadhaa mfululizo nitapata tikiti la shangazi linalofika Dar. Litakuwa la shangazi bado?

Wamarekani wana tikiti linaitwa Moon and Stars, ganda la kijani kilichoiva lenye doa kubwa la manjano na vidoa vidogo vimetapakaa. Kampuni ya Peter Henderson ililiuza kuanzia 1926, baadaye likatoweka kwenye orodha za mbegu, watu wakadhani limekwisha. Kent Whealy, mmoja wa waasisi wa shirika la kubadilishana mbegu la Seed Savers Exchange, alilitafuta miaka kadhaa, mpaka 1981 akapata habari za mkulima wa Macon, Missouri, Merle Van Doren, aliyekuwa bado analipanda. Leo linauzwa kila mahali kule. Habari hii husimuliwa kama habari ya mtafutaji. Mimi ninayemfikiria ni Van Doren, ambaye hakuwa anatafuta chochote. Alikuwa anapanda, anakula, anatunza mbegu. Hakuna aliyemuuliza kama alibadilisha ganda kidogo.

Na sisi tuna kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea, Arusha, ambako mbegu hukaushwa na kuwekwa kwenye baridi. Ni jambo jema, siku moja nitapeleka. Lakini mbegu iliyo kwenye baridi haikutani na mnyauko wa mwaka huu wala nzi wa mwaka huu. Inasubiri. Iliyo kwenye chupa ya majivu nayo haisubiri sana. Ikikauka vizuri itafika miaka minne, mitano, halafu uotaji unaanguka. Lazima ipandwe, na ikipandwa lazima mtu achague, na akichagua ataiacha na alama ya mkono wake. Njia ya kuitunza bila kuigusa haipo.

Nimeamua hivi: ile ya ganda gumu nitaipanda, lakini mstari wake, na chupa yake.

Linaliwa nyumbani

Sasa nimjibu kijana wa guta.

Kuna mazao ambayo ukitaka mbegu lazima uyapoteze. Tango ukiliacha lizeeke kwa ajili ya mbegu halifai tena kachumbari. Bamia ndiyo usiseme, inakuwa kuni. Tikiti ni tofauti. Likiwa limeiva la kula, mbegu nazo zimeiva. Nikiliacha siku chache zaidi ni kwa uhakika tu. Kwa hiyo lile lenye kitambaa haliendi kuoza mahali. Linakuja nyumbani.

Na nyumbani linaliwa. Hakuna njia nyingine ya kuzifikia mbegu.

Mkulima wa pwani, na nadhani wa kila mahali, anakula masalia. Embe zuri linakwenda sokoni, lililotobolewa na ndege linabaki kwa watoto. Samaki mzuri anakwenda hotelini. Matikiti yaliyopinda, yaliyopasuka, yaliyochelewa, ndiyo yetu. Jirani yangu analima tani na tani, na wanawe hawajawahi kula tikiti la daraja la kwanza la baba yao, kwa sababu hilo lina bei. Simsemi, na mimi kwenye mihogo nafanya hivyohivyo.

Lakini kwenye tikiti siwezi, mbegu inanikataza. Kila msimu lililo bora kuliko yote lazima liliwe nyumbani kwangu, sinia katikati, watoto wanatema mbegu na kugombana nani ametema mbali. Shangazi aliposema nisimletee pesa nimletee tikiti, nilidhani ni ukarimu. Alikuwa anadai chakula chake cha msimu, lile la kwanza kwa ubora, kama alivyolila kila mwaka tangu aolewe. Mjane wa kijijini asiye na shamba la maana, na hakuna tajiri wa Raskazone aliyekula tikiti kumshinda.

Hicho ndicho ninacholimia, kijana wangu. Hayo mengine umepakia wewe.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Mbegu zinaoshwa kwenye ndoo, zinazoelea zinatupwa, zinazozama zinaanikwa kivulini juu ya kitambaa safi, zinageuzwa mara kwa mara mpaka ukiikunja moja inavunjika badala ya kupinda. Kisha majivu, chupa, gunzi. Siziuzi; mbegu ya kuuza ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ya kuikagua, na mimi sina mpango wa kuwa kampuni. Anayetaka nampa.

Wiki iliyopita jirani alileta mwanawe wa darasa la tano, aliyekuwa amekula kwangu siku ile ya Idi. Mtoto anataka mbegu. Baba mtu akasema shambani hapana, apande uani. Nikamhesabia za kutosha, nikamwambia asubiri masika ipungue, aweke mbili kwenye kila shimo, miche isipungue saba, na jioni moja aje nimfundishe kufunga ua. Mtoto akasikiliza yote, akauliza kuhusu kuku. Uani kwao kuku wako kumi na kitu, na hawafungiwi.

Baba yake akaguna. Itabidi kwanza ajenge uzio.